Ganda la Mzee Wambura

Siku mliponiaga kwa kustaafu pale studio Nyasho, vijana wangu wa kazi, niliwapanga mstari, warefu nyuma, wafupi mbele, nikaiweka kamera kubwa juu ya stendi, nikainama, nikabofya. Mkabaki mmekenua meno mkisubiri nivute karatasi. Hakukuwa na cha kuvuta. Neema akanong'ona kwa sauti ambayo hata fundi baiskeli wa ng'ambo ya barabara aliisikia, "Mama kasahau kuweka filamu."

Sikusahau. Filamu ilikuwa imekwisha, ile ya mwisho kabisa, na nilijua, ila mikono yangu ilitaka kubofya mara moja zaidi. Nilicheka peke yangu njia nzima mpaka nyumbani Mwisenge. Sasa ninazo asubuhi za kukaa bila mteja, basi nawaandikia filamu ilikokwenda. Vyeo na mshahara sitavigusa. Cheo changu kilikuwa "dada wa picha", kikapanda kikawa "mama wa picha", na hapo ndipo ngazi ilipoishia.

Nianze na mgongo, maana wengi wenu mliukuta kabatini mkaudhani ni redio mbovu. Kamera yetu kubwa ni ya kuangalia kwa juu, unachungulia kama mtu anayetafuta ndoo kisimani, na kwenye kioo chake anayekwenda kulia anaonekana anakwenda kushoto. Nyuma yake hubandikwa mgongo. Uko mgongo wa filamu ya kawaida, na uko huo mweusi bapa, wa picha za papo hapo. Ndani yake inaingia pakiti ya picha kumi. Ukishabofya, unavuta kikaratasi cheupe, kisha unavuta cha njano, kwa mkono mmoja, bila kusita. Karatasi inapita kati ya roli mbili za chuma, roli zinaminya dawa, inatoka imebandana pande mbili kama chapati iliyokunjwa. Unasubiri dakika moja na nusu. Halafu unabandua, na hapo, jamani, hata baada ya miaka thelathini na ushee, moyo wangu ulikuwa unaruka. Huku picha, huku ganda. Ganda ni ule upande wa pili: nyuma mweusi tii, mbele umelowa utelezi unaowasha vidole, na ndani ya utelezi kuna sura ya mtu kwa rangi za kinyume. Picha anapewa mteja, ganda linakwenda jalalani. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa.

Aliyenifundisha ni marehemu Mzee Mafuru, mwenye studio. Kamera aliachiwa na mtafiti mmoja wa nyumbu aliyekuwa akipita Bunda kuingia mbugani, na alipokuwa anarudi kwao hakutaka kubeba mizigo. Mtafiti huyo alimweleza kwamba mgongo ule ni wa majaribio tu: unapiga moja, unaona mwanga umekaaje, unaitupa, kisha unapiga picha yenyewe kwa filamu ya kawaida. Mzee Mafuru alisikiliza kwa heshima. Yule alipoondoka, akasema, "Wenzetu wanaonjeaga mchuzi. Sisi hii ndiyo ugali wenyewe." Toka siku hiyo mtu wa Musoma akawa anapigwa, anasubiri kidogo, anaondoka na uso wake.

Mimi nilifika pale kama mteja. Nilikuwa nimemaliza shule, naomba kazi ya ukarani, nikatakiwa picha. Mzee Mafuru akanipiga, akavuta nyeupe, akavuta njano, akaangalia saa. Alipobandua nikamnyang'anya karatasi mkononi kwa furaha, nikauliza imefanyikaje, tena, tena, mpaka akachoka. "Binti, unataka picha au unataka kazi?" Ukarani sikuupata. Ganda la picha ile aliligeuza, akaandika nyuma yake kwa kalamu nyeupe hali ya jua na muda aliotumia, akalitundika kwa pini kwenye mlango wa chumba cha giza. Lilikuwa ganda pekee studio nzima ambalo halikutupwa, nami nikalizoea kama mtu anavyozoea kalenda ya zamani.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la kibati. Mgongo ukiutoa kwenye kamera lazima uuzibe na kibati chembamba, mwanga usiingie. Ukiurudisha, lazima ukichomoe, la sivyo unapiga kibati badala ya mtu. Nilipelekwa kwenye kipaimara, nikawapanga watoto na mavazi yao meupe, nikapiga nne mfululizo. Zote zikatoka nyeusi kama chungu. Katekista akazigeuza huku na huku, akaniuliza kwa upole kama hao ni watoto wa parokia nyingine. Mzee Mafuru hakunigombeza. Alitoboa kibati tundu, akapitisha kamba, akanivisha shingoni mbele ya watu wote. "Kikiwa kifuani kwako, hakiko kwenye kamera." Kwa mwezi mzima watu wa Nyasho waliniuliza kile kibati ni cha dini gani. Lakini sikurudia kosa, na kamba ile ninayo mpaka leo.

Bunda tulikwendaga msimu wa pamba. Mkulima akishauza anavaa shati jipya, bado lina mikunjo ya dukani, anataka kuonekana nalo kabla halijafuliwa. Tuliweka stendi kwenye kivuli karibu na mnada. Shida ilikuwa joto. Dawa ikichemka mapema, watu walitoka wekundu kama wamepakwa mawese, na mkulima mmoja alikataa kuondoka mpaka tumtoe mawese. Tukajifunza kuegemeza pakiti kwenye mtungi wa maji wa mama ntilie, yule mama akawa mtu muhimu kuliko sisi wawili. Akifunga biashara mapema, nasi tunafunga.

Halafu kulikuwa na habari ya roli. Roli zisiposafishwa, dawa inagandia mahali, na kila karatasi inayopita inapata doa palepale. Siku moja nilijisahau. Ikaja familia, watu saba, kila mmoja anataka picha yake peke yake. Wote saba wakatoka na doa la mviringo juu ya nyusi ya kushoto. Baba wa familia akazipanga mezani, akazitazama muda mrefu, akamwita mkewe. "Unaona? Si nilikuwa nakwambiaga hawa wote ni wangu?" Wiki iliyofuata akaja shemeji yake, amevaa suti, anaomba apigwe na ile alama. Roli nilishazisafisha. Mzee Mafuru akaniambia, kwa uso mkavu kabisa, nizichafue tena.

Niliwahi kucheka kazini kuliko inavyostahili, nakiri. Kazi ya kumwona mtu akikutana na uso wake haizoeleki.

Mzee Mafuru alifariki, studio nikabaki nayo mimi, simu za kupigia picha zikaingia, na siku moja duka la Mwanza lililokuwa likitutumia pakiti likanieleza kwamba kiwanda kimeacha kutengeneza. Nikanunua zilizobaki, nikazipanga kwenye friji nyumbani, kati ya sato na maziwa mgando. Wajukuu zangu wanajua: kijani ni mboga, kijivu ni samaki, kijiboksi usiguse. Nilizitumia kwa uchoyo. Na mbili katika hizo ndizo zinazonifanya niandike.

Ya kwanza nilikwenda nayo kijijini, mbele kidogo ya Butiama, kwa Mzee Wambura. Mwanawe mkubwa, Magesa, alikuwa amenifuata studio akiomba nijaribu. Baba yake alikuwa mzee sana na hajawahi kukubali kupigwa picha na mtu. Wajukuu wakiinua simu, anawageuzia mgongo. Picha pekee aliyowahi kupigwa ni ya kitambulisho cha kura, nayo alipigwa kwa sababu alidhani ile mashine inapima macho.

Nilimkuta ameketi kwenye kiti chake cha miguu mitatu, amevaa koti la kahawia la kwendea misa, anatafuna karanga. Mkewe, Bibi Wakuru, alinikaribisha uji, akakaa pembeni kusikiliza.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye unayebebaga sura za watu?"

"Mimi sibebi, mzee. Hii kamera yangu, picha inatoka hapa hapa, inabaki kwako."

"Muda gani?"

"Hujamaliza hizo karanga, imeshatoka."

Aliziangalia karanga, akaniangalia mimi. "Na kwako wewe kitabaki nini?"

"Hakuna, mzee."

"Basi piga. Ukiondoka na kitu, tutakutana."

Nikapiga. Nyeupe, njano, nikaishika karatasi mkononi, tukasubiri. Ile dakika na nusu sijawahi kuona ukoo umenyamaza vile, hata kuku. Nikabandua. Mzee Wambura akaichukua picha kwa vidole viwili, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. Nilidhani atakasirika. Akasema, "Kumbe baba yangu bado yupo." Akacheka mpaka karanga zikamwagika, akamwonyesha kila aliyekuwepo, mmoja mmoja, na alipomaliza akaanza upya. Kisha akaitia kwenye mfuko wa ndani wa koti, pamoja na kitambulisho cha kura, akapigapiga kwa nje kuhakikisha.

Nikakunja ganda, nikawa natafuta pa kulitupa. Bibi Wakuru akanishika mkono.

"Hiyo ni nini?"

"Takataka tu, bibi. Ina dawa, inawasha."

Akalikunjua, akaliinamisha kwenye jua. Sura ya mumewe ilikuwa pale, nyeupe imekuwa nyeusi, nyeusi imekuwa nyeupe. "Takataka yenye macho? Mimi nikimnyoa nywele nazifukiaga. Kucha zake nazifukiaga. Hii ndiyo nikuachie ukatupe Musoma? Ile ganda nipe."

Nikampa, huku nikimwonya anawe mikono. Akalianika juu ya kichanja cha vyombo, kivulini, na lilipokauka akalitia kwenye kopo tupu la tumbaku la mzee. Nilirudi mjini nikiwasimulia, mkacheka, nami nikacheka zaidi yenu. Mnakumbuka. Nilisema bibi ameweka akiba ya maganda.

Mwaka jana Mzee Wambura alifariki. Magesa akaja studio wiki chache baada ya mazishi, amevaa shati jeusi, akakaa kwenye benchi la wateja. Nikampa pole. Akasema familia inataka picha ya baba ya kuweka mbele kwenye misa ya arobaini, kubwa, ya kutundikwa.

"Leteni ile niliyompiga," nikamwambia. "Nitaikuza."

"Ndiyo tatizo, mama."

"Imepotea?"

"Haijapotea. Tunajua iliko." Akatazama sakafu. "Tulimvalisha lile koti."

Nilichelewa kuelewa. Nilipoelewa, Mungu anisamehe, niliangua kicheko mbele ya mfiwa, nikajiziba mdomo kwa kanga, na nilipomtazama Magesa mabega yake yanatikisika. Tulicheka wote wawili mpaka tukalia kweli. Mzee aliyekataa maisha yake yote watu kuondoka na sura yake, aliondoka nayo mwenyewe, na kitambulisho cha kura juu.

"Kuna aliyesema tufukue," akasema Magesa akijifuta. "Mama akakataa. Kasema mwacheni, alikuwa anapendaga kuitazama. Lakini sasa, mama, hatuna. Mwanangu mdogo juzi ameniuliza babu alikuwa na ndevu au hakuwa nazo, na mimi nikasita. Nimesita, mimi mwanawe. Huna hata negativu?"

Nikamwambia ukweli, kwamba picha zile hazina negativu ya kusafishia nyingine, hiyo ndiyo sifa yao. Akatikisa kichwa, akaingiza mkono mfukoni, akatoa kopo la tumbaku. "Mama kasema nikupe hii. Kasema wewe utajua."

Sikujua. Nilishika lile ganda nikiwa nimefanya kazi maisha yangu yote na sijui. Neema, wewe ndiye uliyejua, nawe nakusifu hapa kwa maandishi ili usidai baadaye. Ulikuwa nyuma yangu na simu yako. "Mama, kuna watu wanayasafishaga. Ile black ya nyuma unaitoa kwa dawa ya kung'arishia nguo, inabaki clear, ni negative kabisa." Nikahesabu kichwani maganda niliyowahi kutupa jalalani Nyasho, Bunda, Butiama, nyuso za watu wa mkoa mzima, nikaona kizunguzungu.

Lakini ganda lilikuwa moja. Tukikosea, ndevu za Mzee Wambura zinakwenda na maji ya karai, na hakuna wa kuturudishia. Ilibidi kujaribia jingine, na studio nzima lilikuwepo jingine moja tu, lile la mlangoni.

Neema ulisema tuache, tutafute kwingine. Mimi nilichomoa pini mwenyewe. Nikalilaza juu ya kioo, nikapaka dawa nyuma, weusi ukaanza kutoka, nikafurahi, nikaanza kuimba. Sikuona kwamba dawa imepenya pembeni ikafika upande wa mbele. Uso wangu wa usichana ulianza kuyeyuka kuanzia kidevuni. Nikaukodolea macho ukiondoka, na mwandiko wa Mzee Mafuru ulishatangulia na ule weusi. Kwa kweli iliniuma, sitaki kusema uongo, niliumia kwa muda kama wa kusubiri picha moja. Halafu nikasikia sauti yake kabisa: binti, unataka picha au unataka kazi?

La pili, la mzee, tulilifanya asubuhi iliyofuata. Uso wa picha chini, kwenye kioo safi. Gundi ya karatasi kingo zote nne, bila hata tundu la sisimizi. Dawa nyuma tu, kwa brashi laini, kidogo kidogo. Magesa alisimama mlangoni akikataa kiti. Weusi ukajikusanya kama masizi, tukausuuza, na chini yake kukaanza kuonekana mwanga. Kwanza bega. Kisha kola ya koti. Kisha, Neema, ulipiga kelele wewe, mimi sikupiga, mimi nilikuwa nimekaa chini sakafuni, ndevu. Ndevu zote. Ulipoliingiza kwenye kompyuta ukaipindua rangi, mzee akatutazama pale na karanga mkononi, na Magesa akaita, "Baba," kwa sauti ya chini, kama mtu anayebisha hodi.

Picha kubwa niliipeleka mwenyewe siku mbili kabla ya arobaini, na pakiti ya mwisho nimeibeba, ile niliyoiweka kwa ajili ya siku yangu ya kuagwa. Sijui kwa nini niliibeba. Bibi Wakuru aliipokea picha ya mumewe, akaisimamisha ukutani, akakaa mbele yake. Kisha akacheka. "Hata huko ndani bado anakula karanga." Nikampa na lile ganda lililosafishwa, sasa linang'aa unaona mpaka ng'ambo. Akalipachika kwenye dirisha dogo. Akajifunga kilemba vizuri, akavuta kile kiti cha miguu mitatu, akakaa.

"Na mimi sasa."

Pakiti ilikuwa kuukuu. Ya kwanza dawa imekauka, ikatoka michirizi ya kahawia. Ya pili vilevile. Ya tatu vilevile, na jasho linanitoka. Ya nne ikatoka kiti na magoti. Nilimwambia bibi naona aibu. "Hata kuku hatagi akitazamwa," akasema, akawafukuza wajukuu. Ya tano nikabandua, na alikuwa pale mzima, na kilemba chake, rangi imeelekea zambarau kidogo, na ule mkunjo wa mdomo wa mtu anayejiandaa kukucheka. Niliruka, nikiwa na miaka yangu hii nikaruka. Tano zilizobaki ziliishia kwa wajukuu, mmoja akiwa na mbuzi. Ndiyo maana nilikuja kwenye kuagwa kwangu na mgongo mtupu.

Bibi aliitia picha yake ndani ya kanga, kifuani, akapigapiga kwa nje. Mimi nikaliweka ganda juu ya kichanja likauke, nikamwambia safari hii najua, sitalitupa. Lilipokauka akalichukua, akalitia kwenye lile kopo la tumbaku, akalifunga, akanipa.

"La kwako hilo, bibi," nikasema.

"Ya mzee nilitunza mimi. Ya kwangu nani atatunza? Picha nitakwenda nayo, nimeshawaambia wasiitoe. Wakikuja kukuuliza, utakuwa nayo."

Basi nimestaafu, lakini kazi moja bado ninayo. Bibi Wakuru ni mzima na bado analima. Ila siku Magesa akifika hapo studio na shati jeusi, msimwambie mama hayupo. Na kama hata mimi nitakuwa sipo, kopo liko nyumbani Mwisenge, juu ya friji. Uso chini kwenye kioo, Neema, na uzibe kingo zote nne.